Hei ya Mlimani: Kausha Kwanza, Funga Baadaye

Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, hamjambo.

Kwenye ratiba wameniandikia "kutengeneza, kufunga na kuhifadhi hei kwenye shamba la mlimani". Hei ni majani ya mifugo yaliyokaushwa, na wanaonifahamu wanajua kwamba nitaongelea maji yaliyomo. Aliyekuja kusikia habari za mashine avumilie, nitazigusa mwishoni muda ukiruhusu.

Faida za hei sizielezi. Ninyi wafugaji wa Dar es Salaam, wa Goba, Kimara na Kigamboni, mnaogombania viroba vya majani ya barabarani ifikapo Septemba, mnazijua kunishinda. Na wengi wenu sasa mna vipande vya ardhi Kisarawe, Mgeta, hadi Lushoto, mmepanda nyasi za malisho za Rhodes kwenye mteremko. Vizuri kabisa. Shida inaanza pale mnapokata leo, mnafunga kesho, na kesho kutwa lori liko Barabara ya Morogoro linarudi mjini huku linanukia majani mabichi.

Majani yanapokatwa yana maji kama asilimia 75 hadi 80. Kabla ya kuyafunga robota, maji yawe yameshuka hadi 15, yakizidi sana 18. Pigeni hesabu: kilo 100 za majani mabichi zenye maji asilimia 80 zinabaki kama kilo 24 za hei. Kijana wa shamba akikwambia kwamba kwenye mzigo uleule amepata kilo 40, usimpongeze. Nusu ya uzito huo ni maji.

Najua mnachotaka kuuliza: mzee, asilimia 15 tunaipimaje, tuna maabara? Hamhitaji maabara. Chukua chupa ya kioo ya jemu yenye mfuniko, kavu. Katakata majani vipande vidogo, na uyatoe katikati ya mstari wa majani uliyoanika, maana ya juu hutangulia kukauka na yatakudanganya. Jaza chupa nusu. Tia kijiko kikubwa cha chumvi, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha acha itulie. Chumvi ikianguka chini imebaki chengachenga, funga marobota yako. Ikishikana mabonge au ikiganda kwenye kioo, rudisha majani juani.

Sasa msicheke. Chumvi yenyewe ya Dar es Salaam mnaijua, imelowa tangu dukani. Ukiitumia hivyo itaganda hata kwenye chupa tupu. Ikaange kwanza kwenye sufuria bila mafuta, ipoe, ndipo upime. Kila mara nikieleza jambo hili kuna mtu anarudi kuniambia kipimo changu ni kibovu. Nikimuuliza kama aliikaanga chumvi, ananyamaza.

Mwingine atasema bwana shamba wao anasokota majani mkononi tu. Na asokote, ni njia nzuri, shina kavu hukatika. Ila aangalie na vifundo, kwa sababu jani hukauka siku ya kwanza na kifundo kinabaki na maji. Akikwangua shina kwa ukucha na ganda likachubuka, bado.

Kuna wale wenye hoja kubwa kuliko zote: "Litamalizia kukauka stoo." Hili naomba nilijibu polepole. Jani lililokatwa likiwa na maji linaendelea kupumua, na kupumua kunatoa joto. Bakteria na ukungu wanaongeza lao. Ndani ya rundo joto hilo halina pa kutokea. Likikaribia nyuzi 70 vijidudu wengi wanakufa, lakini kemia imeshaanza na inajiendesha yenyewe, joto linapanda, mpaka hei inawaka bila kiberiti. Hatari zaidi iko kwenye wiki sita za mwanzo. Watu wanatafuta nani kachoma stoo, wanamshuku jirani, hadi kwa mganga wanafika. Aliyechoma ni yule aliyefunga mabichi.

Kwa hiyo nunua nondo. Ichomeke katikati ya rundo, iache robo saa, itoe, ishike. Ukishindwa kuishikilia, na unasikia harufu kama tumbaku au sukari iliyoungua, usianze kubomoa rundo peke yako, kwa sababu hewa ikiingia ndipo moto unapolipuka. Piga 114, waje Zimamoto, mbomoe wakiwepo.

Hata lisipowaka, litaota ukungu. Ng'ombe mwenye mimba akila ukungu anaweza kuitupa, na vumbi lake linaharibu mapafu ya anayelisha. Halafu mnaniambia hei haifai, bora pumba.

Haya, mlima. Vijana mnaangalia video za Ulaya, wanasema anika upande wa kusini. Huko ni sawa, jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Juni hadi Agosti, msimu wenyewe wa hei, jua liko kaskazini mwetu. Mteremko unaotazama kaskazini ndio unaopata jua zaidi. Unaotazama mashariki umande wake unaondoka mapema, na mawingu ya mchana yanakuta kazi imeshaenda mbali. Bondeni usianike: ubaridi na umande hulala huko, na jua linachelewa kufika. Kata kwenye mgongo wa kilima, kwenye upepo, umande ukishakauka. Na upange kubeba mzigo kuteremka, usije ukajenga stoo juu halafu ukapandisha marobota kwa kichwa.

Mgeta na Lushoto, ambako ukungu wa asubuhi, ule wa hewani, unaweza kukaa hadi saa nne, usitegemee ardhi. Simamisha miti mitatu, ifunge juu, weka fito za kupita, tundika majani, uyaache yasiguse chini. Kichanja tu, kama cha vyombo. Slovenia wameweka hadi paa juu ya vichanja vyao vya nyasi, na wanaviita kozolec.

"Lakini Rhodes inatoa maua Mei, mvua bado zinanyesha." Kweli. Basi ya Aprili ikate mapema, ng'ombe wale mbichi. Machipukizi yatakuwa tayari baada ya wiki sita hadi nane, Juni, yanapoanza tu kutoa maua. Hayo ndiyo ya hei. Ukisubiri yazae mbegu utakuwa unafunga fito.

Mashine. Mwenyekiti ananionyesha saa, nitakwenda haraka. Kwenye mteremko mkali trekta hupinduka, na robota la duara hubiringika. Septemba 2010 huko Devon, Uingereza, robota la kilo kama 600 liliteremka kilima, likaangukia gari barabarani na kumuua Mike Edwards, aliyewahi kupiga cello katika bendi ya Electric Light Orchestra. Alikuwa anapita zake tu. Kwenu linatosha sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Tandika kamba, jaza, kanyaga, funga, nyanyua sanduku. Ukikanyaga vizuri linatoka robota la kama kilo 20. Kamba iwe ya katani, Tanga iko hapo. Ya nailoni ng'ombe akiimeza inabaki tumboni.

Stoo: chaga chini, nafasi kati ya rundo na ukuta, paa lisilovuja, na dizeli ikae kwingine. Turubai lililobana huku na huku linatoa jasho kwa ndani, liinue. Na msilete mzigo wote mjini kwa mpigo. Hewa ya huku ina unyevu wa bahari na hei huunyonya, masika ndiyo kabisa. Wacha ikae mlimani, kirikuu iifuate kidogo kidogo.

Mbegu nilitaka kuziongelea, sitaweza. Nendeni Vikuge, Kibaha, mkaone shamba la malisho la serikali kwa macho yenu. Bei nayo naiacha, maana tutagombana.

Mama pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema chumvi. Mpeni kipaza sauti.