Lumbesa ya Wasanii

Kamwene, ndugu zangu wa Iringa. Wazee, shikamooni.

Nianze na lumbesa, maana ukumbini humu hakuna asiyeijua. Mkulima wa viazi wa Kilolo au Njombe anajaza gunia mpaka mdomoni, kisha mnunuzi anaongeza kilemba juu, anashona kwa kamba, analipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100. Sote tunauita wizi. Sijasikia mtu akimwambia mkulima ashukuru kwa kuwa viazi vyake sasa vinajulikana Dar es Salaam.

Msanii tunamwambia hivyo kila siku: "Si unapata jina?"

Zamani niliajiriwa kwenye duka la kuingizia nyimbo, Mwanjelwa, Mbeya. Mteja analeta memori kadi, tunamjazia anachotaka, analipa, anaondoka. Siku moja akaingia mama mmoja, akataja kwaya, akaomba nyimbo zake zote. Nilipofungua wimbo wa kwanza kuhakikisha, akaanza kuimba sauti ya pili sambamba na spika, hata pale pa kuvuta pumzi hakukosea. Nikamtazama. Akasema, "Huyo ni mimi, mwanangu. Nakala yangu ilipotea."

Akanisimulia walivyochangishana kulipia studio, sare na gari la kuwapeleka kupiga picha za video. Nikamjazia kadi. Akanilipa. Nami nikapokea ile hela, nikaitia kwenye droo ya tajiri wangu. Katika nyimbo zile kwaya haikuwahi kupata hata senti moja kutoka dukani kwetu, na mwimbaji wake ametulipa sisi ili asikie sauti yake mwenyewe. Nimeibeba siku ile miaka yote hii.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, ilikuwapo tayari. Mtunzi ana hakimiliki tangu anapotunga, na inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayeimba naye ana haki yake, ndiyo hiyo hakishiriki. Kwa hiyo mama yule hakuja kuomba fadhila pale dukani.

Lakini nisiwasakame wenye vibanda peke yao. Enzi za kanda na CD, msanii wa huku nyanda za juu alipanda basi na masta yake, yaani rekodi mama ya kutolea nakala, hadi kwa msambazaji Kariakoo. Anapewa hela ya mkupuo, anasaini karatasi ambayo hakupewa muda wa kuisoma, basi. Nakala ziuzwe elfu tano au laki moja, hana chake tena. Stempu za kodi za TRA, Mamlaka ya Mapato, kwenye CD na DVD, zilizoanza 2013, zilisaidia kutenganisha nakala halali na za wizi, ila aliyekwisha kuuza masta hazikumrudishia kitu. Kwangu mimi kilemba kile kilikuwa kikubwa kuliko cha duka letu, na kilishonwa kwa mkataba.

Mwanafunzi anayerushiwa wimbo na mwenzake kwa simu, hana hata hela ya bando, simweki kapu moja na mwenye baa anayeuza bia usiku kucha kwa muziki asioulipia, wala na mwenye kibanda umiza anayetoza kiingilio kwa filamu ya mtu. Hawa wanavuna. Anayevuna shamba la mwenzake amgawie mwenye shamba.

Na sisi wa kamati za harusi? Turubai tunalipia, keki tunalipia, mshehereshaji tunampa malipo ya awali kabla hajashika maiki. Ikifika zamu ya kwaya, mwenyekiti anasema, "Hao ni wetu, tutawapa soda na nauli." Nimekaa kwenye kamati hizo, na mara mbili nilinyamaza. Mara ya tatu nikaomba kwaya iandikwe kwenye bajeti kama turubai. Tulibishana mpaka usiku, ikaandikwa.

Pale mlangoni wamekaa wanakwaya wawili na flashi za albamu yao mpya. Bei wameibandika mezani. Nimewaomba wasimpunguzie mtu, hata akisema amekuja kwa ajili yangu.