Kuifuata Nuru ya Kaskazini hadi Tromsø: Tazameni Mawingu Kwanza

Mwenyekiti, asante. Ndugu zangu mlioacha nyumba zenye joto kuja hapa Oslo jioni hii, habari zenu. Wengi mnapanga kwenda Tromsø, mji wa kaskazini ya Norway, likizo ya majira ya baridi kuiona nuru ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, nami naanza na kitu kinachowapotezea watu fedha na usingizi: ile namba ya Kp kwenye simu.

Ni kipimo cha 0 hadi 9 kinachoeleza jinsi upepo wa jua, yaani chembe zinazorushwa na jua, unavyoutikisa uga wa sumaku wa dunia. Mtu anafungua programu, anakuta 2, anasema leo hakuna kitu, analala. Kesho yake anakuta 5, anatoka mbio, anakesha chini ya wingu zito. Kipimo hicho kinamfaa aliye hapa Oslo au Ujerumani, maana kinamwambia kama nuru itashuka kusini kiasi cha kumfikia. Tromsø iko karibu nyuzi 70 kaskazini, ndani ya mkanda unaoizunguka ncha ya sumaku, na humo nuru huwaka hata jua likiwa limetulia. Kwa aliye pale, 2 inatosha.

Kumbukeni Mei 10, 2024. Dhoruba ya jua iliyopiga usiku ule ilifika 9, na nuru ikaonekana katika nchi zisizoizoea kabisa. Tromsø, mji unaojulikana dunia nzima kwa nuru hii, haikuwa na giza la kuionyesha, kwa kuwa mwezi Mei usiku wa huko ni mweupe. Kwa hiyo giza ni sharti la kwanza, na la pili, ambalo ndilo gumu, ni anga lisilo na mawingu.

Kitovu cha Tromsø kiko kisiwani. Maji ya uvuguvugu yanayopanda kutoka Atlantiki yanaufanya mji usiwe na baridi kali kama mnavyodhani. Wastani wa Januari ni nyuzi chache tu chini ya sifuri. Lakini bahari hiyo hiyo ndiyo inayoleta mawingu na theluji. Ukienda bara, upande wa Skibotn na mpaka wa Finland, milima inakuwa imekwisha kuyakamua mawingu, na mara nyingi unakuta nyota tupu. Ndiyo sababu waongozaji huwapeleka wageni hadi Kilpisjärvi, ng'ambo ya mpaka huko Finland, mwendo wa saa mbili na zaidi usiku, penye baridi inayoshuka kirahisi chini ya nyuzi 20 hasi. Kabla ya kulipia basi, muulizeni mwenye safari: mji ukifunikwa, mnakwenda umbali gani? Mnavuka mpaka? Kama wanavuka, bebeni pasi na kadi ya ukaazi. Na kama fedha zinaruhusu, lipieni usiku kadhaa. Usiku mmoja ni bahati nasibu, na inaniuma kuona familia iliyojinyima mwaka mzima ikirudi na picha za mawingu.

Sasa nuru yenyewe, maana ukiielewa unaitazama kwa macho mengine. Aliyetufumbulia sehemu kubwa ya jambo hili ni Mnorwei, Kristian Birkeland. Wenye umri mnaikumbuka sura yake kwenye noti ya zamani ya kroner 200. Mwaka 1899 alijenga kituo juu ya mlima Haldde karibu na Alta, watu wakakaa huko katika upepo wa kutisha wakipima. Baadaye, maabara, aliweka tufe la sumaku ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, akalielekezea elektroni, chembe ndogo mno zenye umeme, na tufe likang'aa kuzunguka ncha zake. Alisema mikondo ya umeme hushuka kutoka anga za juu kwa kufuata njia za sumaku. Wakubwa wa sayansi walimpinga. Alifariki Tokyo mwaka 1917, na ilichukua karibu nusu karne hadi setilaiti zilipoikuta mikondo ile mahali alipoisema. Leo inaitwa kwa jina lake.

Angani, elektroni zinazoshuka kwa njia hizo za sumaku zikigonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 na kitu, tunaona kijani. Juu zaidi, kupita kilomita 200, oksijeni hiyo hiyo hutoa wekundu, na naitrojeni hutia zambarau kwenye pindo la chini. Nuru dhaifu, hata hivyo, jicho huiona kama ukungu mweupe, na wengi huipita bila kuitambua. Mkiona utepe mweupe usioeleweka, uelekezeeni kamera ya simu. Ikitoka kijani, zimeni taa za gari, tulieni hapo hapo. Ikipata nguvu, jicho litaona rangi lenyewe.

Mkiwa huko mko katika nchi ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini. Wazee wao waliwakanya watoto wasiipigie nuru mluzi, na mkiwa na mwenyeji Msami nawaomba muiheshimu desturi hiyo.

Tarehe? Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Wenye watoto wadogo nawashauri mwishoni mwa Februari au Machi: mchana upo wa kucheza theluji, giza bado linatosha, na karibu na siku ambapo usiku na mchana hulingana misukosuko ya sumaku huwa mingi zaidi. Watoto wavalisheni sufu mwilini, si pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho na kuwagandisha wakisimama. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene. Simu kaeni nazo mfuko wa ndani, betri hufa haraka kwenye baridi.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na mama wa safu ya pili.