Dafu, ORS na Mlango wa Seli

SHABANI: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Ni mimi Shabani, na dada yenu Zuhura huyu hapa.

ZUHURA: Kwanza nipe hali ya mwanao mgonjwa, kaka.

SHABANI: Alhamdulillahi, anacheza. Lakini Jumanne usiku hatukulala. Anaharisha, anatapika, macho yameingia ndani. Wifi yako akamfinya ngozi ya tumbo, ikachelewa kurudi. Tukamnywesha ORS, ile dawa ya pakiti ya chumvi na glukosi inayochanganywa na maji, kijiko kwa kijiko. Alfajiri alipokojoa, nyumba nzima tulishangilia.

ZUHURA: Mkojo huo ndio kipindi cha leo. Tuna mambo matatu: utando wa seli, ORS, na pampu ya sodiamu. Utando wenyewe ni tabaka mbili za mafuta. Oksijeni inapenya bila kizuizi. Sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, ina chaji ya umeme, mafuta hayaipitishi; na glukosi, ambayo ni sukari, nayo hayaipitishi. Hizo zinahitaji milango, yaani protini zilizokaa ndani ya utando.

SHABANI: Na mmoja wa milango hiyo, kwenye utumbo mdogo, ndio uliomponya mwanangu. Unaitwa SGLT1. Hufunguka kwa ushirika: chembe mbili za sodiamu pamoja na glukosi moja. Zikishaingia, maji yanafuata.

ZUHURA: Mwanasayansi Robert Crane alilieleza hilo mjini Prague mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu hufungulia mlango mwingine, wa kloridi, maji yakamwagika utumboni. SGLT1 haiguswi! Mtu anaharisha, na bado utumbo wake unaweza kufyonza. Ndiyo maana mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis…

SHABANI: Samahani dada, kabla ya Bongaon. Mama mkwe alitukuta na madafu mkononi.

ZUHURA: Akampa mtoto?

SHABANI: Akampa. Huku Tanga tumelelewa hivyo.

ZUHURA: Dafu lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo sana. Fomula ya ORS ya WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2002, ina milimoli (kipimo cha idadi ya chembe) 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita. Sasa glukosi ya dafu ikifika mlangoni, mwenzake yuko wapi?

SHABANI: Lakini WHO hao hao wanalitaja dafu kati ya vinywaji vya nyumbani, kabla mtoto hajakaukiwa maji.

ZUHURA: Kabla! Mwanao alikuwa ameshavuka hapo.

SHABANI: Ndiyo, na ORS alikuwa akinywa. Mimi namsemea mama aliye mbali na zahanati, mvua inanyesha, pakiti hana, mnazi uko uani. Anyweshe nini huku mtu ametumwa pakiti?

ZUHURA: Na tukitamka hivyo hewani, kitakachobaki masikioni ni dafu. Mtoto anatapika usiku wa manane, mtu hushika kilicho karibu.

SHABANI: Kwa hiyo kilicho karibu tukielezee, tusikifiche.

ZUHURA: Tuelezee pakiti, ikae nyumbani kabla ya ugonjwa.

SHABANI: Je, dafu likitiwa chumvi?

ZUHURA: Kwa kipimo kipi? Dafu na lile linalokaribia koroma maji yao hayafanani. Chumvi ikizidi kwenye damu, maji yanatoka ndani ya seli kuifuata, seli za ubongo zikiwemo. Asitie mtu.

SHABANI: Hapo sina neno. Ila la kumnywesha dafu likiwa tupu, huku ORS inatafutwa, sibanduki.

ZUHURA: Nami sibanduki. Ule muda wa kupasua dafu ndio muda wa kumwahisha mtoto.

SHABANI: Anayepasua dafu siye anayekwenda zahanati, dada. Nyumba ina watu.

ZUHURA: Nyumba yako ina watu. Nyingine ina mama peke yake.

SHABANI: Huyo peke yake ndiye sitaki akae mikono mitupu.

ZUHURA: Haya, fundi wetu anaonyesha dakika moja. Bongaon vifo vya kipindupindu vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4, kwa mchanganyiko wa kunywa wa chumvi, baking soda, glukosi na maji. Hilo lilistahili nusu saa.

SHABANI: Na pampu ya sodiamu je, ile aliyoigundua mwanasayansi Jens Skou, 1957, inayotoa sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili ndani?

ZUHURA: Haiwezekani leo. Jamani, someni pakiti inataka maji kiasi gani, nyingi ni lita moja, na msikadirie kwa…

SHABANI: Muda, dada.

ZUHURA: …kwa kikombe!