Kura Elfu kwa Hisa Moja: Naspers na Wanahisa Wake Wadogo

Ndugu Mwenyekiti, wanachama wenzangu, hamjambo. Mmeniita nizungumzie haki za mwanahisa mdogo, na najua wengi mlitarajia nianze na Safaricom au benki zetu. Niruhusuni nianzie Cape Town. Huko kuna kampuni ambayo wanahisa wake wadogo wamenung'unika miaka nenda miaka rudi, huku hisa zao zikipanda. Aliyepata hasara akilalamika, hakuna haja ya mhadhara. Aliyepata faida na bado ana kinyongo, huyo ana jambo.

Kampuni yenyewe ni Naspers. Ilianzishwa mwaka 1915 kuchapisha magazeti ya Kiafrikana, na leo ni kampuni ya kuwekeza katika teknolojia. Wengi humu mmeshailipa bila kujijua: DStv ilikuwa yake kupitia MultiChoice. OLX nayo ni yake, ile tuliyokuwa tukiuziana makochi na simu zilizotumika, hadi mwaka 2019 kampuni ya Jiji ilipochukua shughuli zake za Kenya, Tanzania na Uganda.

Mwaka 2001, Koos Bekker akiwa mkurugenzi mtendaji, Naspers ilinunua asilimia 46.5 ya kampuni changa ya Kichina, Tencent, kwa takriban dola milioni 32. Tencent ndiyo iliyokuja kuunda WeChat, programu ya simu ya kutumiana ujumbe. Kufikia mapema 2021, hisa zilizobaki mikononi mwa kundi la Naspers, kama asilimia 31, zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 200. Mimi sijaona mbegu nyingine iliyopandwa kutoka bara hili ikazaa hivyo.

Basi kinyongo kimetoka wapi?

Kwa miaka kadhaa, ukiipima Naspers nzima kwa bei ya soko la Johannesburg, ilikuwa na thamani ndogo kuliko hisa zake za Tencent peke yake. Malipo ya mtandaoni, biashara ya kupeleka chakula majumbani, matangazo, magazeti, vyote hivyo soko lilivihesabu kuwa mzigo. Ni kama mtu anauza kabati lenye shilingi laki moja taslimu ndani, wanunuzi wanaziona kabisa noti, na bado wanafika bei elfu sitini. Sehemu ya pengo ni kodi na gharama za kuzitoa hizo noti. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni hofu kuhusu aliyeshika ufunguo: atazitoa, na kabla hazijakufikia atakuwa ameshazinunulia kitu kingine.

Mshika ufunguo kuanzia 2014 alikuwa Bob van Dijk, mkurugenzi mtendaji aliyemfuata Bekker. Maelezo ya uongozi wake yalikuwa kwamba Naspers imekuwa kubwa mno kwa Johannesburg. Kweli, ilikaribia robo ya kipimo kikuu kinachofuatwa na mameneja wa mifuko ya pensheni, na mameneja hao wana kikomo cha fedha wanazoruhusiwa kuweka katika kampuni moja. Bei ikipanda, wanalazimika kuuza. Kwa hiyo Septemba 2019 wakaorodhesha kampuni tanzu, Prosus, kwenye soko la Amsterdam na kuihamishia hisa za Tencent. Pengo halikuzibika. Likawa la ghorofa mbili: Prosus chini ya thamani ya hisa zake za Tencent, Naspers chini ya thamani ya hisa zake za Prosus.

Mwaka 2021 wakaja na dawa nyingine. Prosus, mtoto, anunue karibu nusu ya hisa za Naspers, mzazi, kwa kuwapa wenye nazo hisa zake mwenyewe. Mzazi anammiliki mtoto, mtoto anammiliki mzazi. Mkishindwa kuchora mchoro wake msijilaumu, maana mameneja 36 wa uwekezaji wa Afrika Kusini, watu wanaolipwa kuelewa mambo haya, waliandika barua ya pamoja kupinga. Hofu yao ilikuwa kwamba umiliki wa kuzungukana ungezidisha utata, na utata ndio uliokuwa ukishusha bei. Mpango ukapita. Anayeidhibiti Prosus kwa kura ni nani? Naspers.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Naspers ina hisa za aina mbili. Hisa N ndizo wewe na mimi tungenunua kwa dalali. Kabla ya mpango huo wa 2021 zilikuwa zaidi ya milioni 400, kila moja kura moja. Hisa A haziuzwi sokoni. Wakati huo hazikufika milioni moja, lakini kila moja ina kura 1,000. Pigeni hesabu. Wenye hisa N wote, bila kukosa hata mmoja, wangekataa azimio la kawaida kwenye mkutano mkuu, wenye hisa A bado wangeweza kulipitisha kwa karibu kura mbili kwa moja. Na hizo hisa A zimeshikwa zaidi na kampuni mbili ambazo hamjawahi kuzisikia, moja imeitwa kwa jina la mtaa wa Cape Town na namba ya jengo: Keeromstraat 30.

Watetezi husema mfumo huo ulilinda uhuru wa magazeti, na ndio uliompa Bekker nafasi ya kuishikilia Tencent kwa utulivu badala ya kuiuza mapema. Hoja hii siidharau, ina uzito. Ila ilihusu uamuzi wa mwaka 2001. Waliokuja baadaye walilipwa vinono wakati thamani ya kundi ikisukumwa na Tencent, kampuni wasiyoiendesha. Wenye hisa N wengi walipinga sera hiyo ya malipo, na malipo yakaendelea. Fedha zilizotoka kwenye Tencent nazo? Zaidi ya dola milioni 500 ziliingia Byju's, kampuni ya India ya masomo ya mtandaoni. Mwaka 2024 Prosus iliandika thamani ya hisa zake humo kuwa sifuri.

Kilichowageuza viongozi hakikuwa kura. Juni 2022 walitangaza watauza hisa za Tencent kidogo kidogo na kutumia fedha hizo kununua hisa zao wenyewe, muda wote pengo likiwa kubwa. Bei zikaruka siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata wakaufumua ule umiliki wa kuzungukana, miaka miwili tu tangu waufunge, na Van Dijk akaondoka Septemba 2023. Wanahisa walikuwa wakidai jambo hilo siku zote: turudishieni chetu. Zawadi nyingine waliyowahi kuifurahia ni hisa za MultiChoice, walizogawiwa bure mwaka 2019.

Sasa mkurugenzi mtendaji ni Fabricio Bloisi, Mbrazili aliyekuja kupitia iFood, kampuni ya Brazil ya kupeleka chakula majumbani, na ameahidiwa tuzo ya dola milioni 100 akiongeza thamani ya Prosus sokoni maradufu ndani ya miaka minne. Walau huyu kipimo chake kinaonekana na kila mtu. Hisa A bado zina kura 1,000 kila moja.

Naona mikono imeshainuka kule nyuma. Mwenyekiti, tuchukue maswali.