Pembe au Bibi? Mswahili Asomapo Kiswahili London

JUMA: Haya, karibuni tena. Leo niko na dada yangu Mwanaidi, mtoto wa Mombasa, ametua juzi tu kutoka London. Dada, umepanda ndege kwenda kusoma Kiswahili. Hawakukucheka?

MWANAIDI: Mpaka leo! Mjomba aliniuliza, "Kwani hapa Mji wa Kale kimekwisha?"

JUMA: Swali zuri.

MWANAIDI: Zuri, ila mashairi niliyoyataka, ya Muyaka, yule malenga wa zamani wa Mombasa, yako SOAS, chuo cha London cha masomo ya Mashariki na Afrika. Taylor, mmishonari aliyekaa Mombasa, alisaidiwa na Mwalimu Sikujua kuyakusanya. Makaratasi ya Taylor ndiyo yaliyofika huko.

JUMA: Yaani mali yetu tunaifuata kwa wageni.

MWANAIDI: Inauma, kaka. Lakini bila wawili hao mengi yangezikwa na waliokuwa wakiyajua kwa moyo. Sasa unaingia chumba cha kusomea: mkoba unauacha nje, kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Daftari linalazwa juu ya mto wa sponji kama mtoto mchanga. Nalifungua... siwezi kusoma!

JUMA: Kiswahili chako mwenyewe?

MWANAIDI: Kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wazee wengi walitumia "b" hiyo hiyo kwa "p" na "mb", na "e" na "i" alama yake moja. Kwa hiyo "pembe" na "bibi" huandikwa sawasawa!

JUMA: Wewe!

MWANAIDI: Nimesoma kwa sauti mbele ya wenzangu, "bibi ya ndovu". Mzanzibari mmoja akaanguka kicheko: "Pembe, dada! Huoni hilo 'ya'? Angekuwa bibi ingeandikwa 'wa'."

JUMA: Ngeli zimekuumbua! Hao wenzako uliwapata wapi?

MWANAIDI: Kwenye foleni ya chakula. London kodi ya chumba inakumaliza, na mchana watu wa Hare Krishna huleta mkokoteni karibu na chuo, wanagawa chakula bure. Unakwenda na kopo lako. Mbele yangu Mzanzibari, nyuma Mrundi, na Mjerumani mmoja anayeamkia "shikamoo" kila anayemwona, hata watoto wa mwaka wa kwanza! Tukaanza kusoma pamoja Ijumaa jioni.

JUMA: Profesa je?

MWANAIDI: Alisaidia sana. Ila mwalimu wangu hasa alikuwa nyanya. Picha za miswada mingi ziko kwenye intaneti, basi nikamtumia moja kwa simu. Mimi nimehangaika nayo siku mbili. Yeye, aliyefundishwa herufi hizo chuo cha Kurani, kwenye mkeka, akavaa miwani akaisoma yote kabla chai haijapoa.

JUMA: Akasemaje?

MWANAIDI: Akasema, "Shairi zuri. Lakini huyu aliyenakili, mwandiko wake mbovu."