Mepo wa Kijapani Hapa Malindi? Tuanze na Baridi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mada iliyobandikwa mlangoni ni kuchagua na kutunza mepo wa Kijapani bustanini, ule mti wa mapambo ambao Waingereza huuita Japanese maple. Nitaisema hukumu yangu mapema ili mwenye haraka aende zake: mti huu haufai pwani yetu, si Malindi, si Watamu, si Lamu. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, na bado naonyeshwa simu yenye picha ile ile ya majani mekundu. Haya, tulirudie.

Mepo huu, Acer palmatum, kwao ni Japani, Korea na Uchina, nchi zenye majira manne. Vuli yao, yaani majira ya kabla ya baridi, ikiisha hupukutisha majani na macho ya matawi hulala. Usingizi ule hauondolewi na maji wala samadi. Huondolewa na baridi, wiki nyingi za nyuzi chini ya 7 hivi, ndipo joto la machipuko likija mti uamke wote kwa pamoja. Sasa niambieni, Malindi baridi hiyo iko wapi? Julai usiku, kusi linavuma na watu wamejifunika mashuka mawili, kipimajoto bado kinasoma ishirini na kitu. Mti ukiikosa baridi, macho hufunguka ovyo: tawi hili lina majani, lile limekauka, huku akiba iliyomo mizizini inaliwa bila kurudishwa. Mwaka wa pili unachipua kidogo kuliko wa kwanza. Mtunza bustani anadhani ni ugonjwa, anapiga dawa. Hakuna dawa ya kukosa baridi!

Na wekundu wenyewe, huo mnaoutamani, nao ni kazi ya baridi. Mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi, ukijani wa jani huvunjika, sukari hunaswa ndani ya jani na rangi nyekundu ikatengenezwa. Usiku wa joto hauleti hilo. "Lakini ile aina ya mepo iitwayo Bloodgood ni nyekundu tangu inachipua!" Ni kweli, na joto likizidi hufifia ikawa na rangi ya shaba iliyochakaa, au kijani tu.

Namuona bwana wa nyuma anatabasamu, ana AC. Bwana wangu, AC ya nyuzi 18 bado iko mbali na nyuzi 7, na inakausha hewa. Jani la mepo ni jembamba, hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoyapandisha, ndiyo maana kingo zake huungua hata huko kwao upepo wa kiangazi ukiwa mkali.

Mwingine atasema mbegu zinaoteshwa kwenye friji. Kweli kabisa, na njia ni hii: loweka mbegu saa 24, changanya na mchanga wenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, weka friji kwenye nyuzi 1 hadi 5 kwa siku 90 hadi 120. Nyingi zitaota. Halafu? Friji itaziotesha na mwezi wa Machi utaziua. Tena mbegu ya Bloodgood haitoi Bloodgood. Aina zenye majina huzalishwa kwa kubebesha kikonyo, yaani kijiti cha aina unayoitaka, juu ya shina la mche mwingine. Na zile mbegu za mepo wa majani ya bluu zinazouzwa mtandaoni ni wizi mtupu, mepo wa bluu hayupo duniani. Hata za kweli, huwezi kuziingiza nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kilichopatikana kabla mzigo haujatumwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha zinakotoka.

Msinielewe vibaya, sichukii miti ya wageni. Mwarobaini asili yake Bara Hindi, leo nani atausema mgeni? Lakini huo ulitoka penye jua ukaja penye jua.

Sasa udongo. Chukua kijiko cha udongo mkavu wa uani, dondoshea siki. Ukichemka povu, una chokaa ya matumbawe. Mepo unataka udongo wenye uchachu, pH 5.5 hadi 6.5, wenye chokaa hupita 7, chuma kinafungwa, na majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Maji ya kisima nayo yapime: mimina kidogo kwenye sahani nyeupe, yaache jua liyanyonye. Ukibaki ukoko, dondoshea siki. Ukitoa povu ni chokaa; usipotoa, na ulimi ukathibitisha, ni chumvi. Wa Lamu mjini, wenye visima vya chumvi, mnanielewa.

Nifike kwenye linaloniudhi. Mwenye hoteli anakata mti wa mkungu, ule uzaao kungu, kwa sababu "unachafua", kisha anauliza apate wapi mti wenye majani mekundu! Mkungu ndio huo. Kiangazi majani yake hugeuka rangi ya chungwa, kisha mekundu kabla ya kuanguka, na mara nyingi hurudia tena mwaka huo huo. Unavumilia mchanga na upepo wa chumvi. Loweka kungu usiku mmoja, lilaze ubavu ndani ya mfuko wa udongo, funika sentimita 3, ungoje wiki 3 hadi 6. Mche uupande masika yakianza. Shimo sentimita 60 kila upande. Penye mwamba vunja kwa mtaimbo, umwage ndoo ya maji. Yakisimama saa nzima, endelea kuvunja. Udongo uliotoka uchanganye na debe moja la samadi iliyooza. Mti ukae mita 8 au zaidi kutoka ukutani na kwenye shimo la choo, maana mizizi yake hutambaa juu juu na matawi yanatanda. Mwaka wa kwanza weka kizuizi cha makuti upande wa kusi. Majani yakianguka yarundike shinani, usiyachome.

Asiye na nafasi, achukue adeniamu, ile yenye shina lililovimba na maua ya waridi, ambayo ni ya pwani hii hii. Chungu kipana chenye matundu. Mchanga wa mto sehemu 2, samadi iliyooza 1, vipande vya matofali au makaa 1. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi na makombe. Mwagilia udongo ukikauka hasa. Masika chungu kiwe chini ya paa, la sivyo shina litaoza kuanzia chini; ukiligusa likabonyea, kata mpaka penye nyama safi, lianike kivulini wiki moja, upande upya. Kiwanda cha nyumba ya Lamu, yaani ua wa ndani, kina kiza, kwa hiyo chungu kipandisheni darini kipate jua kwa muda wa saa 6. Utomvu wake ni sumu, huko bara hutiwa mishaleni, basi watoto na punda wakae mbali.

Kroton na bogenvilia nilitaka kuzisema, naona naonyeshwa saa. Kroton zipate jua la asubuhi, bogenvilia zinyimeni maji kidogo ndipo zitoe rangi, yatosha. Waliokuja na udongo mifukoni, siki iko pale mezani.