Sumaku Zilizomo Ndani ya Hadi Diski Zilizokufa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliotoka shule mkaja moja kwa moja na madaftari yenu, assalaam aleykum na habari za jioni.

Nimeomba nafasi ya kuzungumza juu ya kitu ambacho hapa Tanga huuzwa kwa kilo pamoja na mabati ya friji na rimu za baiskeli, nacho ni hadi diski iliyokufa, yaani kifaa kinachotunza kumbukumbu za kompyuta. Anayeiuza hupata fedha kidogo, na anayeinunua huitupa kwenye lundo, ilhali ndani yake mna sumaku ambayo haikufa pamoja na kompyuta na ambayo, ikitunzwa, itakuwa na nguvu ileile wakati wajukuu wetu watakapoishika.

Hii niliyoishika mkononi ina umbo la mwezi mchanga, unene wa milimita chache, na imeng'aa kwa sababu imepakwa nikeli. Imegandishwa kwa gundi juu ya kibati cha chuma. Haikutengenezwa kama sumaku nyeusi za spika za redio mlizozizoea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Masato Sagawa huko Japani na John Croat huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba metali iitwayo neodimiamu ikiungana na chuma na boroni, kwa uwiano wa atomi 2 za neodimiamu, 14 za chuma na 1 ya boroni, hutoa sumaku yenye nguvu kuliko zote zilizokuwa zikiuzwa wakati ule. Ndani ya hadi diski, sumaku hizi huuzunguka mkia wa mkono mdogo unaosoma kumbukumbu; mwisho wa mkono huo una koili ya waya wa shaba, na umeme ukipita ndani ya koili, mkono husukumwa kushoto au kulia kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Vijana, tazameni jambo hili. Nimeegemeza sinia la alumini kwenye ukuta, na nyote mmeona kwamba sumaku haishiki kwenye alumini hata kidogo. Naachia kipande cha chuma cha kawaida chenye ukubwa uleule: kimefika chini mara moja. Sasa naachia sumaku, nayo inashuka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Hakuna gundi. Sumaku inapotembea juu ya alumini huzusha umeme ndani ya sinia, na umeme huo huzusha usumaku wake unaoipinga. Ni kanuni ileile ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, na ndiyo inayozalisha umeme wa Hale hapa mkoani kwetu. Shule isiyo na maabara inaweza kuifundisha kwa sinia la nyumbani na hadi diski moja.

Lakini jambo lililonileta hasa ni unga.

Mashine nyingi za kusaga mitaani kwetu, kuanzia Ngamiani hadi vijijini Muheza, ni za nyundo: vipande vya chuma huzunguka kwa kasi, huipasua nafaka na kuisukuma ipite kwenye chekeche. Nyundo hizo huliwa kidogo kidogo, na kinacholiwa hakipotei hewani, bali huingia kwenye unga. Nimeleta kilo moja ya dona niliyoinunua mwenyewe, na sitataja niliponunua kwa sababu tatizo hili si la mtu mmoja. Naifunga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni, naipitisha taratibu ndani ya unga, kisha naipeleka juu ya karatasi nyeupe. Mama uliyekaa mbele, tafadhali sogea uone: hizi ndevu nyeusi zilizosimama juu ya nailoni ni vumbi la chuma. Nikiitoa sumaku kutoka kwenye mfuko, zinadondoka zenyewe juu ya karatasi. Hiki ndicho tunachokisongea ugali.

Mwenye mashine anaweza kuweka sumaku mahali pawili. Kwanza ni kwenye kinywa cha kupokelea nafaka, zikamate misumari na nati kabla hazijavunja nyundo. Pili ni kwenye mdomo wa kutolea unga, ambapo zitakamata vumbi lenyewe. Sumaku isiguse unga moja kwa moja, kwa maana nikeli yake hubanduka. Iwekwe nyuma ya bati jembamba la chuma cha pua kisichovutwa na sumaku, na bati hilo lifutwe kila siku, kwani likijaa vumbi halikamati tena, bali huliachia likarudi ndani ya unga. Nami naomba nieleweke: sumaku haikamati mawe wala shaba, kwa hiyo haiondoi kazi ya kupepeta na kuchagua.

Nimeulizwa na fundi wa magari kama anaweza kuigandisha chini ya sampu, yaani bakuli la oili ya injini, ikusanye vumbi la injini. Simshauri. Sumaku za aina hii, zile za kawaida, huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi joto 80, na oili ya injini iliyofanya kazi hupita hapo. Fundi seremala, kwake naafiki kabisa: anayetumia mbao za mashua iliyovunjwa aipitishe sumaku juu ya ubao kabla ya kuugusa kwa randa, na msumari uliozama utamvuta mkono.

Namna ya kuzitoa inahitaji subira. Skrubu za hadi diski huhitaji bisibisi ya nyota yenye pembe sita, na mara nyingi skrubu moja hufichwa chini ya karatasi ya lebo. Kabla ya kufungua, mtafute mwenye diski umwulize juu ya picha na nyaraka zake, na usidhani zimefutika, kwa sababu kuzipitishia sumaku hizi kwa mkono hakufuti kumbukumbu kwa uhakika. Sahani zenyewe, yaani zile duara za ndani zinazobeba kumbukumbu, ndizo za kuharibiwa. Sahani za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo, basi zifungeni kwa kitambaa kizito kabla ya kuzivunja.

Wengi huharakisha kuibandua sumaku kutoka kwenye kibati chake. Mimi nasema iacheni hapo kila inapowezekana. Kibati huirudisha nguvu ya upande wa nyuma ikaja mbele, tena kina matundu ya skrubu tayari, na huizuia sumaku isivunjike. Ikilazimu kuitenganisha, kibane kibati kwenye jiliwa na kukipinda taratibu kwa koleo mpaka gundi iachie. Usigonge kwa nyundo, usipashe moto, na usitoboe kwa drili, kwani vumbi lake huweza kuwaka.

Kovu hili juu ya nyusi nililipata kwa uzembe wangu mwenyewe. Niliweka sumaku mbili mezani, umbali wa kidole kimoja; zikarukiana, moja ikapasuka pembeni, na kipande chake kikanifikia usoni. Kingeshuka kidogo tu kingekuwa jichoni. Tangu siku hiyo navaa miwani. Na kwa watoto hatari ni kubwa zaidi: mtoto akimeza sumaku mbili, hutafutana ndani ya tumbo na kuubana utumbo katikati mpaka utoboke, na hapo ni kumkimbiza hospitali bila kusubiri. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizisogelee.

Sumaku zilizoko bara kwenye hewa kavu zinaweza kukaa wazi, lakini hapa pwani hewa ya chumvi huingia kwenye ufa wowote wa nikeli na kuigeuza sumaku kuwa unga wa kijivu. Zipakeni vanishi, hata rangi ya kucha inatosha.

Kompyuta mpya nyingi hutumia kumbukumbu zisizo na sehemu inayozunguka, nazo hazina sumaku hizi. Zilizobaki kwenye malundo yetu ndizo tulizo nazo. Nimeleta jozi sita zikiwa bado kwenye vibati vyake, zimepakwa vanishi. Wenye mashine za kusaga wabaki kidogo tupimane ukubwa wa midomo ya kutolea unga, ili kila mmoja aondoke na inayomfaa.